Michoro ya Herufi Kwenye Terminali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya programu zinazochora kwa herufi ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Yamejaribiwa kwenye Ubuntu na Debian, ambazo ni aina za Linux. Wa Fedora abadilishe `apt-get` kuwa `dnf`, na wa Mac aweke `brew`. Mengine hayabadiliki sana.

## Hizi programu hufanya nini hasa?

Huchora kwa herufi. Badala ya rangi na brashi, zinatumia alama zile zile za kibodi: mkwaju, mabano, nyota, kistari. ASCII, orodha ya alama iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, ina alama 128, na kati ya hizo 95 tu ndizo zinazoonekana zikichapwa. Michoro ya kale ya ASCII imetengenezwa kwa hizo 95. Programu mpya huongeza vipande vya Unicode, orodha pana zaidi ya alama, kama miraba iliyojaa na vitone vya maandishi ya wasioona, na picha hutoka safi zaidi.

Kwa ufupi ziko makundi manne: za kukuza maandishi (`figlet`, `toilet`), za kutia maneno kwenye mchoro (`cowsay`, `boxes`), za kugeuza picha kuwa herufi (`jp2a`, `chafa`, `img2txt`), na za michoro inayotembea (`sl`, `cmatrix`, `asciiquarium`, `aafire`).

## Nianze na zipi?

```
sudo apt-get update
sudo apt-get install figlet toilet cowsay fortune-mod boxes sl cmatrix jp2a chafa
```

Hizo zinatosha wiki nzima. Tumeiacha `lolcat`, ile ya kupaka rangi za upinde wa mvua, kwa makusudi: imeandikwa kwa lugha ya Ruby, na kama Ruby haimo kwenye kompyuta yako itavutwa yote pamoja nayo. Kabla hujajibu Y, soma ule mstari unaotaja ukubwa wa vitakavyopakuliwa. Bando ni lako.

Ukiambiwa `Unable to locate package`, ama hukuendesha `update`, ama hazina ya universe ya Ubuntu imefungwa. Ifungue kwa `sudo add-apt-repository universe`, kisha `update` tena.

## Nimesakinisha cowsay, lakini naambiwa "command not found". Vipi?

Debian na Ubuntu huweka `cowsay`, `fortune`, `sl` na `lolcat` ndani ya `/usr/games`, si `/usr/bin`. Mtumiaji wa kawaida kwa kawaida anayo folda hiyo kwenye PATH yake, yaani orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Root (msimamizi) hana, cron (inayoendesha kazi za ratiba) haina, na mara nyingi hata mtu aliyeingia kwa `su` hana. Jaribu njia kamili kwanza:

```
/usr/games/cowsay Jambo
```

Ikijibu, ongeza mstari huu mwishoni mwa `~/.bashrc`, ufunge terminali na kuifungua upya:

```
export PATH="$PATH:/usr/games"
```

Ndani ya cron na skripti za seva usihangaike na PATH. Andika njia kamili.

## figlet inakata neno langu katikati au inalishusha mstari wa pili. Kwa nini?

Kwa sababu huchukulia kwamba skrini ina safu 80, hata kama dirisha lako lina 200. Iambie itumie upana uliopo kwa `-t`, au utaje upana wenyewe kwa `-w`:

```
figlet -t "Karibuni Mbarara"
figlet -w 120 -c "Karibuni Mbarara"
```

`-c` huweka maandishi katikati. Kwa fonti ya kawaida, safu 80 hubeba herufi 10 hadi 13 hivi, kutegemea ni herufi zipi. I ni nyembamba, m inakula nafasi. Neno likiwa refu badilisha fonti: `-f small` na `-f mini` hubana, `-f slant` huinamisha, `-f banner` hutumia alama za reli (`#`) na huhitaji skrini pana kweli. Orodha yote, pamoja na mfano wa kila fonti, hutolewa na `showfigfonts`. Folda zilimo hutajwa na `figlet -I2`.

Hivi ndivyo `figlet UG` inavyotoka:

```
 _   _  ____
| | | |/ ___|
| | | | |  _
| |_| | |_| |
 \___/ \____|
```

Tazama herufi zilivyoshikana, ukuta mmoja ukitumiwa na zote mbili. figlet hufanya hivyo yenyewe. Usipopenda, `-k` huzisogeza mpaka zigusane bila kuungana, na `-W` huipa kila herufi nafasi yake kamili. Kwa watu wanaosoma kutoka nyuma ya darasa, `-W` ndiyo inayosomeka.

Jina figlet limetokana na Frank, Ian na Glenn. Glenn Chappell na Ian Chai waliianzisha mwaka 1991. `toilet` ya Sam Hocevar ilikuja baadaye, inasoma fonti zile zile na kuongeza rangi: `toilet -f future -F border Jinja` huweka fremu, `-F metal` hutia rangi za chuma.

## Nikiandika `figlet ng'ombe` terminali inaganda na kuonyesha `>`. Imeharibika?

Haijaharibika, inakusubiri. Swali hili huulizwa na waandishi wa Kiswahili kuliko wengine, maana lugha yetu imejaa ritifaa: ng'ombe, ng'ambo, ng'ara, ming'oko. Kwa Bash, programu inayosoma amri unazoandika, ritifaa ni alama ya kufungua nukuu. Imeona imefunguliwa, ikawa inangoja ya kufunga, na `>` ndiyo njia yake ya kusema "endelea". Bonyeza Ctrl-C, kisha zungushia neno nukuu za mikia miwili:

```
figlet "Ng'ombe"
```

Hapo unaingia mtego wa pili. Ndani ya nukuu za mikia miwili, `!!` ina maana yake kwa Bash: rudisha amri iliyopita. Basi `figlet "Hongera!!"` huchora Hongera ikifuatwa na amri uliyoandika kabla, jambo la aibu kama skrini iko kwenye projekta. Sentensi ikiwa na ritifaa na mishangao pamoja, ikwepe Bash kabisa. Andika `figlet` peke yake, bonyeza Enter, andika sentensi yako upendavyo, Enter tena, kisha Ctrl-D. Hapo hakuna anayeitafsiri.

Mtego wa tatu ni maandishi yaliyonakiliwa kutoka WhatsApp au Word. Huko ritifaa hugeuzwa kuwa ile iliyopinda, ’, ambayo haimo katika ASCII na inachukua baiti 3. Bash haigandi, lakini figlet hutoa herufi ngeni mahali pa ritifaa. Ifute, uichape upya kwa kibodi.

## Na ŋ ya Luganda?

Kiswahili chote kinaingia ndani ya ASCII, lakini ŋ haimo. Kuna `figlet -C utf8`, inayoifanya isome herufi za Unicode, ila itachora tu zile ambazo mwenye fonti alizichora, na wengi wao hawakuifikiria ŋ. Jaribu `toilet`, inasoma UTF-8 bila kuambiwa, na fonti yake ya `-f term` hupitisha herufi yoyote kama ilivyo, bila kuikuza. Kwa bango kubwa, wengi huishia kuandika ng'.

## Ng'ombe wa cowsay hana pembe za maana. Naweza kuweka wa Ankole?

Unaweza, na ndiyo kazi nzuri ya kujifunzia. Programu hii iliandikwa na Tony Monroe mwaka 1999 kwa lugha ya Perl, na kila mnyama ni faili fupi lenye mwisho wa `.cow`. Waliopo utawaona kwa `cowsay -l`. Fungua faili jipya, liite `ankole.cow`, uandike:

```
$the_cow = <<"EOC";
    $thoughts   (          )
     $thoughts   \\        /
      $thoughts   '-.__.-'
            ($eyes)\\_______
            (__)\\       )\\/\\
             $tongue ||----w |
                ||     ||
EOC
```

Kisha:

```
cowsay -f ./ankole.cow Karibu
```

Utapata:

```
 ________
< Karibu >
 --------
    \   (          )
     \   \        /
      \   '-.__.-'
            (oo)\_______
            (__)\       )\/\
                ||----w |
                ||     ||
```

Mambo manne huwakwamisha watu hapa. Kwanza, kila mkwaju wa kinyume huandikwa mara mbili ndani ya faili, kwa kuwa Perl hula mmoja. Ukiandika mmoja, mkia wa ng'ombe hupotea na mgongo husogea. Pili, alama ya `@` pia hutanguliwa na mkwaju wa kinyume, la sivyo Perl huidhania kuwa jina la orodha na mchoro haufunguki. Tatu, EOC ya mwisho ianze mwanzoni kabisa mwa mstari, bila nafasi mbele wala nyuma. Nne, ule `./` wa kabla ya jina una kazi: bila mkwaju kwenye jina, cowsay hutafuta faili katika folda yake tu.

`$eyes` na `$tongue` ni herufi mbili kila kimoja, ndiyo sababu macho hubadilika kwa `-e "^^"` na ulimi kwa `-T "U "`. `-d` humfanya ng'ombe mfu, `-t` huchoka, `-p` huogopa. Ukitaka pembe ndefu zaidi, ongeza mstari mmoja wa mabano juu na nafasi mbili katikati yake. Usizidi safu 30 hivi. Mchoro mpana hukatika kwenye simu.

Ukitaka ng'ombe aseme maandishi ya figlet, tumia `-n`, la sivyo cowsay huyapanga upya kwa upana wa safu 40 na herufi zote zinavurugika:

```
figlet -f small Gulu | cowsay -n -f ./ankole.cow
```

## Nawezaje kupata methali za Kiswahili badala ya misemo ya Kizungu ya fortune?

Andika zako. Faili la `fortune` ni maandishi ya kawaida, kila msemo ukitenganishwa na alama ya asilimia iliyo peke yake kwenye mstari:

```
Haba na haba hujaza kibaba.
%
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
%
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
%
```

Lihifadhi kwa jina `methali` kwenye folda yako ya nyumbani, bila mwisho wa `.txt`, kisha litengenezee faharasa:

```
strfile ~/methali
fortune ~/methali | cowsay -f ./ankole.cow
```

`strfile` itatoa `methali.dat` na kutaja idadi ya methali ilizoziona. Isome hiyo namba. Ukiandika methali 40 nayo ikasema 1, faili lako liliandikwa kwenye Windows: kila mstari unaishia na alama ya ziada isiyoonekana, hivyo `%` haiko tena peke yake, na ng'ombe atazimwaga methali zote 40 kwa pumzi moja. Dawa:

```
sed -i 's/\r$//' ~/methali
strfile ~/methali
```

Kila unapoongeza au kufuta methali, rudia `strfile`. Faharasa hukumbuka methali inaanzia baiti ya ngapi. Ukibadilisha maandishi bila kuigusa, utaanza kuona "sikia la mkuu huvunjika guu" na nusu ya methali nyingine.

## Saa kubwa kwenye skrini, je? Na ya Kiswahili?

Saa ya kawaida ni hii:

```
watch -t -n 1 "date +%H:%M:%S | figlet"
```

Lakini mwalimu anayetaka saa nne iandikwe 4 na si 10 anahitaji kurudisha saa 6 nyuma. Uganda iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Saa ya Kiswahili, basi, iko saa 3 nyuma ya UTC:

```
watch -t -n 1 "TZ=SAA+3 date +%-I:%M:%S | figlet"
```

Ndiyo, imeandikwa +3 ingawa ni kurudi nyuma. Kwenye TZ ishara husomwa kinyume. SAA ni jina tu, lolote la herufi tatu litafanya kazi. `%-I` hutoa saa 1 hadi 12 bila sifuri mbele. Usiongeze tarehe kwenye amri hii, kwa maana toka usiku wa manane hadi saa kumi na mbili asubuhi itaonyesha ya jana. Toka kwa Ctrl-C.

## Nageuzaje picha kuwa herufi, na kwa nini uso hauonekani?

Kwa herufi tupu, `jp2a`:

```
jp2a --width=80 picha.jpg
jp2a --width=80 --colors picha.jpg
```

Kwa picha inayokaribia picha, `chafa` ya Hans Petter Jansson:

```
chafa -s 80x40 picha.jpg
chafa --symbols ascii -c none picha.jpg
```

Ya kwanza hutumia vipande vya Unicode na rangi zote ambazo terminali yako inaweza. Ya pili huilazimisha kurudi kwenye ASCII bila rangi. `chafa` hucheza GIF pia.

Sasa kuhusu uso. Programu hizi hazijui pua wala jicho. Hupima mwanga wa kila kiraba na kuchagua alama: penye mwanga huweka alama nzito kama `@` au `#`, penye giza nafasi tupu. Mtu mweusi aliyepigwa picha amesimama mbele ya dirisha au ukuta mweupe ana uso ulio gizani kuliko kila kitu kingine pichani, kwa hiyo sura yote huangukia alama mbili tatu na kuwa doa. Si kosa la ngozi, ni la mwanga, na hutibika kabla ya kugeuza. Kata picha mpaka kichwa na mabega tu, kisha nyoosha mwanga kwa ImageMagick, programu ya kurekebisha picha:

```
convert picha.jpg -resize 400x -normalize ndogo.jpg
jp2a --width=100 ndogo.jpg
```

Kwenye ImageMagick 7 amri ni `magick` badala ya `convert`. Ikiwa bado ni doa, ongeza `-brightness-contrast 20x20` kabla ya jina la faili la mwisho. Picha iliyopigwa kivulini nje, mchana, mandharinyuma yakiwa ya wastani, hushinda marekebisho yote haya.

Kama terminali yako ni nyeupe na picha inatoka kama negativu ya filamu, ongeza `--background=light`. Na kama sura imerefuka kama imevutwa kwa kamba, jua kwamba kila herufi ina urefu unaokaribia mara mbili ya upana wake. Programu zote huzingatia hilo zenyewe. Tatizo huja ukitaja upana na kimo pamoja kwenye `jp2a`. Taja kimoja.

## Zipi zinatembea bila kuandika kitu?

`sl` ni treni ya mvuke inayopita skrini nzima kila ukikosea kuandika `ls`. Toyoda Masashi aliitengeneza mwaka 1993 kuwaadhibu wenye vidole vya haraka. `-l` ni treni ndogo, `-F` inaruka, `-a` abiria wanaomba msaada. Ctrl-C haiisimamishi, na hilo ni kusudi, subiri ipite.

`cmatrix`, ya Chris Allegretta, ni mvua ya herufi. `-C yellow` hubadilisha rangi, `-u 9` huipunguza mwendo, q hutoka. `cmatrix -s` huacha mara tu ukigusa kitufe chochote, kwa wanaotaka iwe kifunika skrini.

`aafire`, iliyo ndani ya kifurushi cha `libaa-bin`, ni moto unaowaka. `cacafire` kutoka `caca-utils` ni moto ule ule wenye rangi. `asciiquarium` ya Kirk Baucom ni tangi la samaki: q kutoka, p kusimamisha, r kuchora upya ukibadilisha ukubwa wa dirisha. Samaki wake ni wa baharini, hata papa na nyangumi wamo. Sangara na sato wa Ziwa Victoria utawaongeza mwenyewe, imeandikwa kwa Perl na inafunguka kwa kihariri chochote. Kwa Mac ni `brew install asciiquarium`. Mahali ambapo haimo kwenye hazina, inahitaji Term::Animation ya CPAN, hazina ya Perl, kwanza, na usakinishaji huo ni mrefu.

Hata video hucheza: `mpv --vo=tct --really-quiet video.mp4`.

## Nimetoka ghafla, sasa kishale hakionekani au ninachoandika hakitokei.

Programu ya michoro huficha kishale na kuzima mwangwi wa kibodi, kisha huvirudisha inapotoka kwa adabu. Ukiiua, hairudishi. Andika `reset` hata kama huoni unachoandika, bonyeza Enter. Kishale peke yake hurudi kwa `tput cnorm`.

Skrini ikiganda kabisa bila sababu, huenda uligusa Ctrl-S. Ctrl-Q huifungua.

## Kupitia SSH inakwamakwama. Ni mtandao?

Ni mtandao, na ni programu pia. Kila fremu ya `cmatrix` husafiri kutoka seva hadi kwako, na kwenye intaneti ya simu, fremu zilizotangulia hujipanga foleni. Ndiyo maana Ctrl-C huonekana imechelewa. `mosh`, inayotumika badala ya SSH, hutuma hali ya mwisho ya skrini tu, hivyo husaidia. Afadhali zaidi, endesha uhuishaji kwenye kompyuta yako.

## Nataka kutengeneza uhuishaji wangu. Naanzaje?

Huhitaji zaidi ya Bash na `tput`. Hii ni bodaboda inayokatiza skrini:

```
#!/usr/bin/env bash
trap 'tput cnorm; exit' INT TERM
tput civis
clear
upana=$(tput cols)
for ((x=0; x<upana-10; x++)); do
  tput cup 5 $x; printf '    o_  '
  tput cup 6 $x; printf '  __/>_ '
  tput cup 7 $x; printf ' (o)-(o)'
  sleep 0.05
done
tput cup 9 0
tput cnorm
```

Ihifadhi kama `boda.sh`, kisha `chmod +x boda.sh` na `./boda.sh`.

Kila mstari wa mchoro unaanza na nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo kifutio: pikipiki ikisogea safu moja, inafuta ukingo wa fremu iliyopita. Iondoe uone magurudumu yakiacha mkia wa mabano njia nzima. Wanaoanza hutumia `clear` ndani ya mzunguko badala yake, na skrini hupepesa vibaya, kwa kuwa kati ya kufuta na kuchora jicho huona utupu. Futa mara moja tu mwanzoni.

Ule mstari wa `trap` usiuache. Ndio unaorudisha kishale abiria akiteremka katikati ya safari kwa Ctrl-C.

Ukitaka mchoro mkubwa wa mistari mingi, uweke ndani ya `cat <<'EOF'`, ukizingatia zile nukuu moja zinazoizunguka EOF. Bila hizo, Bash hugusa kila `$` na mkwaju wa kinyume ulio kwenye mchoro.

## Sina kompyuta, nina simu ya Android tu.

Pakua Termux, programu ya terminali, kutoka duka la F-Droid, kisha:

```
pkg update
pkg install figlet toilet cowsay cmatrix sl jp2a chafa
```

Hakuna `sudo`, na tatizo la `/usr/games` halipo. Ctrl ni kitufe cha kupunguza sauti, kwa hiyo Ctrl-C ni sauti chini pamoja na c. Vidole viwili hukuza au kupunguza maandishi. Kwa picha za simu endesha `termux-setup-storage` mara moja, ukubali ruhusa, nazo zitakuwa `~/storage/dcim`. Geuza simu ilale. Ikisimama, safu hazitoshi.

## Niliweka cowsay kwenye .bashrc ya seva, sasa scp imekataa kufanya kazi.

Hili huwapata hata wazoefu. `scp` na `sftp`, za kunakili faili kati ya kompyuta, hufungua Bash upande wa pili na kutarajia ukimya. Zikikuta ng'ombe anaongea, zinayasoma maneno yake kama sehemu ya faili na kukata kazi. Mkaribishe ng'ombe pale tu ambapo kuna mtu:

```
case $- in
  *i*) /usr/games/fortune ~/methali | /usr/games/cowsay ;;
esac
```

Kwa bango la watumiaji wote kwenye Ubuntu, weka skripti ndani ya `/etc/update-motd.d/`, kwa mfano `05-bango`, uipe ruhusa ya `chmod +x`. Jina lisiwe na nukta: `05-bango.sh` itarukwa kimya kimya. Skripti hizo huendeshwa na root, basi usiweke humo kitu chochote ulichookota mtandaoni bila kukisoma.

## Maabara yetu haina intaneti. Nifanyeje?

Kwenye kompyuta yenye mtandao, yenye toleo lile lile la Ubuntu na ambayo haijawahi kusakinishwa programu hizi:

```
sudo apt-get clean
sudo apt-get install --download-only figlet cowsay sl cmatrix
```

Nakili faili za `.deb` kutoka `/var/cache/apt/archives` hadi flashi, kisha kwenye maabara, ukiwa ndani ya folda hiyo, `sudo apt-get install ./*.deb`. Toleo likitofautiana, vitegemezi havitakubali.

## Nikituma mchoro kwa WhatsApp unavurugika.

WhatsApp hutumia herufi zenye upana tofauti. Weka alama tatu za ` kabla na baada ya mchoro, zitageuka kuwa za upana mmoja. Anza na `figlet -w 28 -f small`, maana simu nyingi hukunja mstari unaozidi hapo kidogo. Michoro yenye alama ya ` ndani yake itakatika. Badilisha alama hiyo kwa ritifaa.

Kanuni hiyo hiyo hutumika kwenye risiti. Printa ya karatasi ya milimita 58 kwa kawaida hubeba herufi 32 kwa mstari, ya milimita 80 herufi 48, kwa hiyo jina la duka hutoka vizuri kwa `figlet -w 32 -f small -c`.

## Naweza kurekodi niwaonyeshe wengine?

`asciinema rec boda.cast` huanza, Ctrl-D humaliza, `asciinema play boda.cast` huonyesha. Hairekodi video bali maandishi na muda wake, hivyo faili hutoshea hata kwenye bando la siku. Ongeza `-i 2` ili vipindi virefu vya ukimya vifupishwe kuwa sekunde 2. Kabla ya kurekodi punguza dirisha hadi safu 80 kwa mistari 24. Atakayeitazama kwenye dirisha dogo kuliko la kwako ataona bodaboda ikikunjwa vipande viwili.